Wa Timu Moja Wakigongana: Nani Abebe Lawama?



Ndugu zangu katika imani, msimu wa Formula 1 ukianza, mabweni yetu hugawanyika. Wapo wa Ferrari, wapo wa Mercedes, wapo wa Red Bull. Magari ya timu mbili tofauti yakigongana, kila mtu anajua atasema nini: wa kwetu ameonewa. Lakini yakigongana magari mawili ya timu moja, hapo ndipo ubishi unapokuwa mrefu, hata Isha inaadhiniwa watu bado wako kwenye kona ya kwanza. Jezi ni ile ile na mwajiri ni yule yule, kwa hiyo shabiki hawezi tena kuegemea upande kwa kutazama rangi ya gari. Inambidi atafute haki.

Somo hili halitoi fatwa juu ya mbio za magari. Kushindana kwa vipando ni jambo linalojulikana katika Sunna: Ibn Umar (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kwa masafa yao, na wasiofanyiwa mazoezi kwa masafa mafupi zaidi, na yeye mwenyewe Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tunachokitafuta hapa ni njia ya kupima lawama pale ndugu wawili wanapoumizana bila kukusudia. Na niseme mapema kwamba nililifuatilia suala hili kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nitalieleza mbele, inshaAllah.

Tukio lenyewe: Hispania, Mei 15, 2016

Lewis Hamilton na Nico Rosberg walikuwa madereva wa Mercedes, watu waliofahamiana tangu ujana wao katika mbio za karti. Rosberg alikuwa ameshinda mbio zote nne za kwanza za msimu ule, akiwa na pointi 100 dhidi ya 57 za mwenzake. Katika mbio za tano, karibu na Barcelona, Hamilton alianza nafasi ya kwanza na Rosberg ya pili.

Kwenye kona ya kwanza Rosberg alimpita Hamilton kwa upande wa nje akaongoza. Baada ya kona ya tatu gari lake likapungua kasi ghafla, kwa sababu mpangilio wa nguvu za injini ulikuwa umewekwa vibaya tangu mzunguko wa kujipanga kabla ya mbio kuanza. Hamilton aliyekuwa nyuma yake alikuwa na kasi kubwa zaidi, tofauti iliyofika kilomita 17 kwa saa. Akaona nafasi upande wa kulia, akaingia. Wakati huo huo Rosberg naye akahamia kulia kuifunga nafasi ile. Hamilton akasukumiwa kwenye nyasi, gari likamshinda, likazunguka na kumgonga Rosberg. Wote wawili wakatoka mashindanoni katika mzunguko wa kwanza.

Mshindi hupata pointi 25 na wa pili 18. Timu iliyoanza katika nafasi mbili za mbele ingeweza kuondoka na pointi 43, ikaondoka bila hata moja. Ushindi ukaenda kwa Max Verstappen wa Red Bull, kijana wa miaka 18.

Sasa jiulize kabla ya kuendelea: wewe ungemlaumu nani? Lishike jibu lako, tutalirudia.

Msingi wa kwanza: msikilize na wa pili

Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili, asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Katika Sura Swad (38:21-26) tunasoma habari za Nabii Daud (A.S.) na wagomvi wawili waliomwingilia mihrabuni, mmoja akilalamikia kondoo wake mmoja dhidi ya ndugu yake mwenye tisini na tisa. Baadhi ya wafasiri wameona kwamba fundisho mojawapo la kisa hiki ni hatari ya kutamka neno baada ya kusikia upande mmoja, hata kama upande huo unaonekana mnyonge.

Tazama walivyofanya waamuzi wa mbio kule Hispania. Waliwaita madereva wote wawili, wakaisikiliza na timu, wakatazama picha na takwimu za magari. Huku nje, Niki Lauda, mmoja wa viongozi wakubwa wa Mercedes, alikuwa amekwisha kumwelekezea Hamilton lawama hadharani. Toto Wolff, mkuu wa timu, alikataa kumtwisha mmoja wao mzigo wote. Wote wawili wameona ajali ile ile, lakini mmoja alisema kabla ya kusikiliza.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa hivi kwa maana yake: Rosberg alikuwa na haki ya kuhama ili kulinda nafasi yake, jaribio la Hamilton la kupita lilikuwa la busara kwa kasi aliyokuwa nayo na nafasi aliyoiona, alipofika kwenye nyasi hakuwa tena na uwezo wa kulimiliki gari, na mambo hayo yalikutana kwa namna ambayo hakuna kati yao mwenye kosa lote wala sehemu kubwa ya kosa. Hakuna aliyeadhibiwa.

Mashabiki wengi walikasirika. Walitaka jina. Lakini kadhi hakuwekwa ili awape watu jina. Amewekwa aseme kile ambacho ushahidi unakibeba, na ushahidi ukiishia kati, na yeye anaishia hapo.

Msingi wa pili: fiqhi ya wapanda farasi wawili

Wanafunzi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba fukahaa walikwisha kulijadili suala la kugongana karne nyingi kabla ya injini. Katika vitabu vya fiqhi liko chini ya mlango wa dhamana na diya, kwa jina la kugongana kwa wapanda farasi wawili. Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria (1223 Miladia), amelieleza kwa upana katika Al-Mughni. Tuzitazame sura zake nne.

*Sura ya kwanza:* wote wawili wanakwenda, wakagongana. Wahanafi na Wahanbali wanasema kila mmoja analipa thamani kamili ya kilichoharibika cha mwenzake. Imamu Shafi'i anasema kila mmoja analipa nusu tu, kwa sababu uharibifu umetokana na kitendo chake na kitendo cha mwenzake pamoja, na sehemu iliyotokana na kitendo cha mtu mwenyewe haidaiwi kwa mwingine.

Tuchukue mfano wa bodaboda mbili. Ya kwanza imeharibika kwa shilingi 400,000, ya pili kwa shilingi 600,000. Kwa kauli ya kwanza, mwenye pikipiki ya kwanza anadaiwa 600,000 naye anadai 400,000; wakikatana, atatoa 200,000. Kwa kauli ya Imamu Shafi'i, anadaiwa 300,000 naye anadai 200,000. Wakikatana, atatoa 100,000. Kauli zote mbili hazimtafuti mwovu. Zinatafuta hasara igawanywe vipi.

*Sura ya pili:* mmoja amesimama, mwingine anakwenda. Dhamana ni ya anayekwenda.

*Sura ya tatu:* mmoja yuko mbele, wa nyuma akamfikia akamgonga. Dhamana ni ya wa nyuma, kwa sababu yeye ndiye mgongaji, na wa mbele anahesabiwa kama aliyesimama.

*Sura ya nne*, nayo ndiyo ufunguo: yule aliyesimama akiwa amefanya makosa kwa kusimama kwake, mfano amesimama katika njia nyembamba akawabania wapitao, basi dhamana inageuka na kuwa juu yake. Kitu kimoja kimebadilika, nacho ni kuvuka mpaka. Wanachuoni wanakiita *ta'addi*.

Mfano: Baku, Aprili 29, 2018

Sura ya tatu na ya nne zinatusaidia kufahamu ajali nyingine ya timu moja. Verstappen na Daniel Ricciardo wa Red Bull walikuwa wamesumbuana mbio nzima katika barabara za Baku, Azerbaijan. Katika mzunguko wa 40, mwishoni mwa ile njia ndefu iliyonyooka, Ricciardo alijaribu kumpita mwenzake, nafasi ikafungwa, akamgonga kwa nyuma. Wote wawili wakatoka.

Mwenye haraka atasema: aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye makosa, kwisha. Hiyo ni sura ya tatu. Lakini waamuzi waliona kwamba Verstappen alikuwa amehama mara mbili akilinda nafasi, ingawa kwa kiasi kidogo, na kwamba Ricciardo naye alikiri kuwa alichelewa kufanya uamuzi wake. Wakawapa wote wawili onyo. Timu nayo ikawataka wote wawili waombe radhi. Wa mbele anahesabiwa kama aliyesimama pale tu anapotulia katika njia yake. Akianza kuyumba mbele ya anayekuja, hadhi ile inampungukia.

Msingi wa tatu: tenganisha maswali matatu

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunauliza swali moja, "nani mwenye makosa?", kumbe ndani yake mna maswali matatu.

1. Nani aligonga? Hili ni swali la kitendo. Fukahaa wanamtofautisha *mubashir*, yaani aliyetenda kwa mkono wake, na *mutasabbib*, aliyeweka sababu. Mfano wao maarufu ni kisima. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu bila idhini na mnyama akatumbukia, mchimbaji anadaiwa. Lakini akija mwingine akamsukuma mnyama yule ndani, anayedaiwa ni aliyesukuma. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya, umeliweka hili katika kanuni zake: aliyetenda moja kwa moja anadhamini hata kama hakukusudia, na aliyesababisha hadhamini mpaka awe amekusudia au amevuka mpaka.

2. Nani alivuka mpaka? Hili ni swali la kosa. Mtu anaweza kugonga bila kuvuka mpaka wowote, na mwingine anaweza kuvuka mpaka bila kugusa chochote.

3. Nani abebe hasara? Hili ni swali la dhamana. Dhamana haihitaji dhambi. Hata mtoto mdogo akivunja chungu cha jirani, chungu kinalipwa kutoka mali yake, wala hakuna anayesema mtoto ana dhambi.

Rudi sasa Hispania. Aliyegonga ni nani? Gari la Hamilton ndilo lililoligonga la Rosberg. Kwa swali la kwanza, jibu ni Hamilton. Aliyevuka mpaka ni nani? Waamuzi walisema hakuna ambaye kosa lake linatosha kuadhibiwa. Ile injini iliyowekwa vibaya ilikuwa sababu, lakini kulinda nafasi yako ukiwa umepungukiwa kasi si uvamizi. Wanaosema "Hamilton ndiye aliyegonga" na wanaosema "hakuna wa kuadhibiwa" wanaweza kuwa wakweli wote, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali lake.

Na swali la tatu? Hapa timu moja inatofautiana na timu mbili. Magari yote mawili ni ya Mercedes. Hakuna wa kumlipa mwenzake, kwa sababu hakuna aliyeharibu mali ya mwenzake. Wote wameharibu mali ya mwajiri. Katika fiqhi, mfanyakazi aliyekabidhiwa chombo cha mwajiri mkono wake ni mkono wa amana: hadaiwi kilichoharibika mpaka athibitike kuvuka mpaka au kuzembea. Kwa hiyo hasara inabaki kwa mwenye mali, na kwa madereva kinachobaki ni nasaha, onyo au nidhamu. Kama hakuna aliyevuka mpaka, timu inalazimika kuimeza hasara yake kimya kimya, hata kama ni chungu.

Msingi wa nne: hukumu ni ya tukio, si ya mtu

Wiki saba baadaye, Julai 3, 2016, watu wale wale wawili waligongana tena, Austria, katika mzunguko wa mwisho. Rosberg alikuwa akiongoza huku breki zikimsumbua. Hamilton alimjia kwa upande wa nje, Rosberg akaenda mbele bila kukata kona na kumbana mwenzake nje, wakagongana. Hamilton alishinda, Rosberg akamaliza wa nne na bawa la mbele limevunjika. Safari hii waamuzi walimtia Rosberg makosani kwa kutompa mwenzake nafasi: adhabu ya sekunde 10 na pointi 2 za adhabu katika leseni yake.

Mwenye kupenda upande mmoja angesema: "Mnaona? Basi hata Hispania ni yeye." Haki haiendi hivyo. Kosa la Julai halirudi nyuma kuandika upya tukio la Mei, kama vile usafi wa Mei haukumkinga na adhabu ya Julai. Sura Al-Maida (5:8) inatuonya chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu, na Sura An-Nisaa (4:135) inatutaka tusimamie haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Aya moja inafunga mlango wa chuki, nyingine inafunga mlango wa mapenzi. Shabiki anaingilia yote miwili.

Kosa langu

Sasa niseme nililoahidi. Ramadhani moja kamati yetu iliandaa futari ya pamoja. Ndugu mmoja alikuwa na jukumu la chakula, mwingine la ukumbi. Magharibi ikaadhiniwa, watu wamekaa kwenye mikeka, chakula hakipo. Tukafuturu kwa maji na tende chache zilizokuwa mfukoni mwa huyu na yule. Masufuria yalikuwa yamepelekwa ukumbi mwingine, upande wa pili wa kampasi.

Ndugu wa ukumbi alinitumia ujumbe wa sauti usiku ule. Alizungumza vizuri, kwa uchungu, akisema alitangaza mabadiliko ya ukumbi kwenye kundi tangu mchana. Nikaingia kwenye kundi lile lile nikaandika, mbele ya watu wote, kwamba ndugu wa chakula ametudhalilisha kwa uzembe. Sikumpigia simu.

Baadaye nilijua yafuatayo. Ukumbi ulibadilishwa ghafla na waliokuwa na mamlaka nao, si na ndugu yetu. Tangazo lilitumwa kweli, lakini lilizama katikati ya salamu na picha nyingi za siku ile. Ndugu wa chakula alikuwa jikoni tangu adhuhuri, simu imezima chaji. Alipeleka masufuria pale alipoambiwa wiki nzima kwamba ayapeleke. Aliyepeleka chakula pasipo pake ni yeye. Hilo ni swali la kwanza. Aliyevuka mpaka, ukitafuta sana, utakuta mapungufu madogo pande zote mbili na hakuna la kumwangusha mtu. Hasara ilikuwa yetu sote.

Mtume (S.A.W.) ametuonya, katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.) iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba yeye ni binadamu, watu humletea magomvi yao, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa alichosikika. Ikiwa yeye ametanabahisha hivyo, mimi na ujumbe wangu wa sauti ni nani? Nilikwenda kumwomba radhi yule ndugu, akanisamehe, Allah amlipe kheri. Lakini kwenye kamati hakurudi mpaka leo.

Tunachobeba

Baada ya Austria, Mercedes walikaza masharti ya namna madereva wao watakavyoshindana, lakini hawakuwazuia kushindana. Kiongozi ana kazi mbili, na azitenganishe: kwanza ahukumu lililopita kwa ushahidi, kisha atengeneze njia ili lisirudi. Kamati yetu nayo sasa ina utaratibu: mabadiliko yoyote ya mahali husemwa kwa simu, na aliyepokea hujibu "nimesikia". Utaratibu huu ungetufaa zaidi kuliko maandishi yangu ya usiku ule.

Sura Al-Hujurat inatutaka tuhakikishe habari inapotufikia (49:6), kisha mbele kidogo inatukumbusha kwamba waumini ni ndugu na tusuluhishe kati yao (49:10). Uchunguzi umetangulia, suluhu ikafuata. Suluhu bila uchunguzi humwacha mmoja na dhuluma moyoni, na uchunguzi bila suluhu hukupa jibu sahihi na kamati iliyovunjika.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Lile jibu lako la mwanzo kuhusu Hispania lilikuwa likijibu swali lipi kati ya yale matatu?
2. Madereva wa mbio wameridhia hatari kabla ya kuanza. Wapita njia hawakuridhia. Je, tofauti hii inaathiri vipi kuzitumia hukumu za wapanda farasi katika mbio?
3. Taja tukio moja katika jumuiya yetu ambapo lawama ilitolewa kabla ya wa pili kusikilizwa. Usitaje majina.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe ndimi zinazongoja na nyoyo zinazopima. Wallahu a'lam.